Zana za umeme za kitaalamu

Zana za umeme za kitaalamu ni mashine za kushika mkononi zinazoendeshwa kwa mota ya umeme, zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wanaozitumia kila siku katika kazi yao, kama vile maseremala, waashi, mafundi wa vyuma, mafundi bomba na mafundi umeme. Mifano ni drili, grenda, msumeno wa mviringo, randa ya umeme, mashine ya msasa na nyundo ya umeme ya kuvunjia zege. Hutofautishwa na zana za nyumbani, ambazo hukusudiwa kwa mtu anayetoboa ukuta au kukata ubao mara chache kwa mwaka.

Bei ya zana ya kitaalamu inaweza kuwa mara tatu, mara tano au zaidi ya bei ya zana ya nyumbani inayofanana nayo kwa sura. Kwa fundi wa samani wa Keko jijini Dar es Salaam au wa Gikomba jijini Nairobi, drili moja ya aina hiyo inaweza kumeza mapato ya wiki nyingi. Ndiyo maana swali la kama zana hizo zinastahili bei yake, na kama kweli zinategemeka, ni swali la riziki.

Kwa jumla, bei kubwa hununua mambo matatu: uwezo wa kuhimili kazi ya mfululizo, uwezekano wa kutengenezwa zinapoharibika, na ulinzi wa mwili wa mtumiaji. Hainunui zana isiyoharibika kamwe, na mara nyingine sehemu ya bei hulipia jina tu.

Historia

Mwaka 1889 Arthur James Arnot na William Blanch Brain walipata hataza ya drili ya umeme huko Melbourne, Australia. Mashine hiyo ilikusudiwa hasa kutoboa miamba na kuchimba makaa ya mawe. Mwaka 1895 kampuni ya C. & E. Fein ya Stuttgart, Ujerumani, ilitengeneza drili ya umeme ya kushika mkononi.

Kampuni ya Black & Decker, iliyoanzishwa Baltimore, Marekani, mwaka 1910, ilipata hataza mwaka 1917 ya drili yenye mpini kama wa bastola na swichi ya kubonyeza kwa kidole. Umbo hilo ndilo linalotumika hadi leo. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza nyundo yake ya umeme mwaka 1932, na mwaka 1954 kampuni ya Ackermann + Schmitt, pia ya Ujerumani, ilitoa grenda ya mkono ya kasi kubwa kwa jina la Flex. Jina hilo lilienea kiasi kwamba Wajerumani wengi huita grenda yoyote kwa jina hilo.

Kwa miaka mingi zana hizo zilikuwa za viwandani tu. Mwaka 1946 Black & Decker ilianza kuuza drili za bei nafuu kwa ajili ya watu wa kawaida majumbani. Tangu wakati huo soko limegawanyika katika makundi mawili, na tofauti ya bei kati yake imekuwa jambo la kujadiliwa. Mwaka 1961 kampuni hiyohiyo ilitoa drili ya kwanza ya betri.

Tofauti za ndani

Zana nyingi za waya hutumia mota yenye vipande viwili vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye rota, yaani sehemu ya mota inayozunguka. Rota huweza kuzunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika, kisha gia hupunguza kasi hiyo na kuongeza nguvu ya kuzungusha.

Adui mkuu wa mota ni joto. Nyaya za shaba zilizosukwa ndani yake zimepakwa vanishi inayozitenga. Joto likizidi, vanishi huharibika, nyaya hugusana na mota huungua. Kwa hiyo tofauti kubwa kati ya zana ya bei nafuu na ya bei ghali iko katika namna inavyokabiliana na joto na uchakavu:

- Mota huwa na shaba ya kutosha, vanishi inayostahimili joto kali zaidi, na feni inayopoza vizuri.
- Ekseli za ndani hushikwa na beringi za gololi mahali ambapo zana rahisi ina bushi tu.
- Gia huwa za chuma kilichotiwa ugumu, na nyumba ya gia huwa ya aloi ya alumini au magnesi, ambayo hutoa joto nje haraka kuliko plastiki.
- Kaboni hufikiwa kwa urahisi na kubadilishwa. Katika zana nyingi za kitaalamu kaboni hujiondoa zenyewe zikifika mwisho, ili zisiikwaruze rota.
- Kifaa cha elektroniki huanzisha mota polepole, hulinda kasi isishuke, na huzima zana inapozidiwa.

Zana mpya za betri za daraja la juu hutumia mota zisizo na kaboni. Umeme ndani yake huongozwa kwa elektroniki, hivyo msuguano na joto hupungua na betri hudumu zaidi kwa chaji moja. Hata hivyo, kifaa hicho cha elektroniki kikiungua, fundi wa mtaani hawezi kukitengeneza kwa urahisi kama anavyobadilisha kaboni.

Mnunuzi anapaswa kuwa mwangalifu na namba ya wati iliyoandikwa kwenye boksi. Mara nyingi namba hiyo huonyesha umeme unaoingia kwenye mota, wala haionyeshi kazi inayotoka. Grenda mbili zenye wati 850 zinaweza kufanya kazi tofauti, kwa sababu moja inageuza sehemu kubwa zaidi ya umeme kuwa joto.

Jambo lingine linalochanganya ni alama za viwango. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa zana hizi ni IEC 62841, ambacho kimechukua nafasi ya IEC 60745. Alama ya mraba ndani ya mraba huonyesha kwamba zana ina kinga maradufu dhidi ya mshtuko wa umeme. Zana ya bei nafuu inaweza kutimiza masharti hayo yote kihalali. Lakini viwango hivyo hupima usalama. Havimwambii mnunuzi kama mota itadumu mwezi mmoja au miaka kumi.

Bei na gharama halisi

Thamani ya zana hupimwa vizuri zaidi kwa gharama ya kila saa ya kazi kuliko kwa bei ya dukani. Namba zifuatazo ni za mfano wa hesabu tu.

Drili ya kwanza inauzwa shilingi 80,000 na inadumu saa 100 za kazi. Drili ya pili inauzwa shilingi 400,000, inatumia shilingi 60,000 za kaboni na beringi, na inadumu saa 1,000. Drili ya kwanza inagharimu shilingi 800 kwa saa, na ya pili shilingi 460 kwa saa.

Fundi anayetoboa kwa saa 3 kwa siku, siku 6 kwa wiki, hufikisha saa 500 katika wiki 28 hivi. Kufikia hapo angekuwa amenunua drili tano za bei nafuu kwa shilingi 400,000, yaani bei ileile ya drili moja ya kitaalamu, ambayo kwake bado ina nusu ya maisha yake. Kwa upande mwingine, mwenye nyumba anayetumia drili kwa saa 5 kwa mwaka atakaa na ile ya bei nafuu miaka 20. Kwake shilingi 320,000 za ziada hazitarudi kamwe.

Hesabu hiyo haijumlishi mambo yote. Zana ikiungua katikati ya kazi, fundi hupoteza siku, nauli ya kwenda dukani, na pengine mteja. Hayo huongeza faida ya zana imara. Lakini kuna mambo yanayovuta upande wa pili. Mtaji wa kununulia zana ghali huenda ukatoka kwenye mkopo wenye riba. Zana ghali ikiibwa kwenye eneo la ujenzi, hasara nayo ni kubwa. Tena, fundi anayeanza hajui bado ni zana ipi ataitumia zaidi.

Kwa sababu hizo mafundi wengi hufuata njia ya kati. Huanza na zana za bei nafuu au za wastani, kisha hubadilisha kwa ya kitaalamu ile inayochakaa kwanza, kwa kuwa kuchakaa kwake ni ushahidi kwamba ndiyo inayofanya kazi kubwa. Zinazobaki nzima huachwa kama zilivyo.

Kukodi ni njia nyingine, hasa kwa nyundo za kuvunjia zege ambazo huhitajika kwa siku chache. Kampuni ya Hilti, iliyoanzishwa Liechtenstein mwaka 1941 na ndugu Martin na Eugen Hilti, huwapa wakandarasi katika nchi nyingi zana kwa malipo ya kila mwezi, na matengenezo yakiwa ndani ya malipo hayo.

Jina, rangi na sifa

Bei huathiriwa pia na sifa ya jina. Mfano unaofundishwa katika vyuo vya biashara ni ule wa DeWalt. Kampuni hiyo ilianzishwa na Mmarekani Raymond DeWalt katika miaka ya 1920, ikanunuliwa na Black & Decker mwaka 1960. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mafundi wa Marekani waliepuka zana za kitaalamu za Black & Decker, ingawa ubora wake ulikuwa mzuri, kwa kuwa jina hilohilo lilionekana kwenye vifaa vya jikoni na zana za nyumbani. Walipendelea Makita ya Japani. Mwaka 1992 Black & Decker ilianza kuuza zana za mafundi kwa jina la DeWalt na rangi ya njano, ikaboresha pia huduma ya matengenezo. Mauzo yalipanda sana. Fundi aliona jina jipya, ingawa mwenye kampuni alikuwa yuleyule.

Baadhi ya watengenezaji huonyesha daraja kwa rangi. Katika nchi nyingi zana za Bosch za kijani ni za nyumbani, na za buluu ni za kitaalamu. Wengine hutumia majina tofauti: kampuni ya Techtronic Industries ya Hong Kong, iliyonunua Milwaukee mwaka 2005, huuza Milwaukee kwa mafundi na Ryobi kwa watumiaji wa nyumbani.

Chapa za China kama Ingco na Total zimeenea katika maduka ya Afrika Mashariki na kujaza nafasi iliyo kati ya makundi hayo mawili. Kutengenezwa China peke yake si dalili ya udhaifu, kwa kuwa hata kampuni kubwa za Ulaya, Marekani na Japani zina viwanda huko.

Kutegemeka

Hakuna zana isiyoharibika. Sehemu zinazoharibika zaidi ni swichi, waya mahali unapoingia kwenye mpini, kaboni, beringi na gia. Zana ya kitaalamu hutofautiana kwa kuwa kila sehemu ya namna hiyo ina namba yake ya kipuri na inaweza kununuliwa peke yake. Kipuri kisipopatikana nchini, faida hiyo hupotea. Drili ghali ambayo kaboni yake huagizwa kutoka ng'ambo humtegemeza fundi kidogo kuliko ya bei ya wastani ambayo kaboni yake hupatikana Kariakoo siku hiyohiyo.

Umeme wenyewe ni chanzo cha matatizo mengi. Waya mrefu na mwembamba wa kuunganishia hupunguza volti. Mota huzunguka polepole, feni yake haipozi vya kutosha, na mtumiaji hukandamiza zaidi ili kazi iende. Matokeo yake ni mota kuungua, hata iwe ya chapa gani.

Zana za mtumba zina hatari yake. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya volti 240, lakini wa Marekani ni 120 na wa Japani 100. Nchini Uingereza zana za maeneo ya ujenzi hutumia volti 110 kupitia transfoma, kwa ajili ya usalama. Zana ya namna hiyo ikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa Afrika Mashariki, huungua mara moja. Mnunuzi anapaswa kusoma kibandiko cha zana kabla ya kulipa.

Zana bandia ni tatizo lingine. Kwa kuwa jina kubwa huongeza bei, wapo wanaoweka majina hayo kwenye mashine dhaifu. Dalili zake ni bei ya chini kupita kiasi, herufi za jina zilizokosewa, kibandiko kisicho na namba ya mashine, uzito mdogo kuliko uliotajwa, na muuzaji asiyetaka kuandika dhamana kwenye risiti. Nchini Tanzania bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC), na nchini Kenya na mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na bidhaa hizo. Mtu aliyenunua zana bandia kwa bei ya halisi hawezi kujua kutokana nayo kama zana halisi inastahili bei yake.

Betri

Katika zana za betri, gharama kubwa mara nyingi iko kwenye betri na chaja. Betri za kampuni moja kwa kawaida haziingii kwenye zana za kampuni nyingine, hivyo anayenunua drili ya kwanza huwa amechagua pia msumeno na grenda atakazonunua baadaye. Mwaka 2018 Metabo ya Ujerumani na kampuni nyingine kadhaa zilianzisha ushirikiano unaoitwa CAS, ambao wanachama wake hutumia betri ya aina moja.

Maandishi ya volti huweza kupotosha. Betri yenye seli tano za lithiamu huwa na volti 4 hivi kwa kila seli ikiwa imejaa, jumla 20 hivi, na volti 3.6 kwa kila seli katika kazi ya kawaida, jumla 18. Kwa hiyo zana iliyoandikwa volti 20 nchini Marekani na ile ya volti 18 barani Ulaya zinaweza kuwa na nguvu sawa.

Usalama na afya

Hapa ndipo tofauti ya bei huwa na uzito kuliko fedha. Diski ya grenda hutengenezwa kwa kasi yenye mpaka. Nyingi huandikwa mita 80 kwa sekunde ukingoni. Grenda ndogo yenye diski ya milimita 115 huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, na ukingo wake huenda mita 66 kwa sekunde. Fundi akiondoa kinga na kulazimisha diski ya milimita 230 kwenye grenda hiyo, ukingo hufikia mita 132 kwa sekunde, na diski inaweza kupasuka na kuruka kama risasi. Hakuna chapa inayoweza kumlinda mtu anayefanya hivyo. Lakini grenda nyingi za kitaalamu zina breki, na huzima zenyewe diski inapokwama ghafla, mambo ambayo hayapatikani kwa kawaida kwenye zile za bei ya chini.

Mtetemo huharibu mishipa ya damu na neva za mikono polepole. Mwelekezo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2002 unataka hatua zichukuliwe mtetemo unapofikia wastani wa 2.5 m/s² kwa siku ya saa 8, na hauruhusu kuzidi 5 m/s². Mtetemo ukiongezeka mara mbili, muda wa kufikia kiwango hicho hupungua mara nne: kwa mashine yenye mtetemo wa 5 m/s² kiwango cha kwanza hufikiwa kwa saa 2, na kwa yenye 10 m/s² hufikiwa kwa nusu saa. Mpini unaopunguza mtetemo ni miongoni mwa vitu vinavyolipiwa katika nyundo ghali.

Vumbi la mbao na vumbi la silika linalotoka kwenye zege na mawe yamewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kampuni ya Festool, yenye asili katika karakana ya Albert Fezer na Gottlieb Stoll iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1925, inajulikana kwa bei kubwa na kwa mashine za msasa na misumeno inayounganishwa na kifaa cha kufyonza vumbi. Fundi asiyeweza kuinunua bado anahitaji barakoa nzuri na mahali penye hewa, kwani mapafu hayajui bei ya mashine.

Kuchagua na kutunza

Kabla ya kununua, ni vizuri kujibu maswali haya:

- Zana itatumika saa ngapi kwa wiki?
- Kaboni, swichi na beringi zake zinapatikana katika mji huu?
- Nani atatimiza dhamana, na kwa muda gani?
- Volti yake inalingana na umeme wa hapa?
- Ina kinga, mpini wa pembeni na njia ya kutoa vumbi?

Matunzo huongeza maisha ya zana yoyote. Vumbi lipulizwe kutoka kwenye matundu ya hewa, hasa baada ya kukata zege au vigae. Kaboni zibadilishwe kabla hazijaisha kabisa. Biti na misumeno vinolewe, kwa kuwa ncha butu huilazimisha mota kufanya kazi kubwa bure. Baada ya kazi nzito, zana iachwe izunguke bila mzigo kwa muda mfupi ili feni iipoze mota kabla ya kuzimwa. Zana ya bei nafuu inayopumzishwa inaweza kudumu kuliko ya bei ghali inayokandamizwa kutwa nzima.

Tazama pia

- Betri
- Mota ya umeme
- Msumeno
- Useremala
- Uashi